Namna ya Kupanua Kozi za Hiari katika Shahada ya Famasia

Mtaala wa famasia hujaa upesi. Kemia ya dawa, famakolojia, famasetiki (utengenezaji wa maumbo ya dawa), famakognosia (elimu ya dawa zitokanazo na mimea na viumbe wengine), tiba, sheria na maadili ya taaluma, takwimu na mafunzo kwa vitendo vyote hudai nafasi, na kila mtaala unapopitiwa upya mada mpya huingia ilhali za zamani hazitoki. Katika msongamano huo kozi za hiari ndizo hukatwa kwanza. Si ajabu kukuta kitivo ambacho kozi hizo zipo kwenye karatasi tu: mwongozo wa mwanafunzi unaonyesha orodha ndefu, lakini siku ya usajili ikifika zinazofundishwa ni mbili au tatu, na darasa zima linajikuta limechagua kitu kilekile kwa kukosa kingine.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wakuu wa idara, wajumbe wa kamati za mtaala na wahadhiri wanaotaka kuibadili hali hiyo. Msimamo wake ni kwamba uchache wa kozi za hiari hautokani na uchache wa mawazo, kwani wahadhiri sita wakiketi pamoja kwa saa moja watataja mada ishirini bila shida. Kinachokosekana ni saa ndani ya ratiba, watu wa kufundisha bila kuelemewa, na utaratibu unaoeleweka wa kuanzisha kozi na kuifunga. Kazi ianzie huko, na orodha ya mada ije baadaye.

Kwanza tenganisha cha lazima na cha hiari

Kosa linalofanya kozi za hiari zidharauliwe ni kuzigeuza kapu la mada zilizokosa nafasi katika masomo ya lazima. Kabla ya kuandika jina la kozi yoyote, kamati ijiulize swali moja: je, mgonjwa anaweza kudhurika kwa sababu mfamasia aliyehitimu hakusoma jambo hili? Jibu likiwa ndiyo, mada hiyo ni ya lazima, hata kama itabidi nyingine ipunguzwe ili ipate nafasi. Jibu likiwa hapana, lakini kuna wahitimu watakaofanya kazi nzuri zaidi wakiijua kwa kina, hapo ndipo kozi ya hiari inapopata uhalali wake.

Mara nyingi jibu haliangukii upande mmoja, na mada yenyewe hulazimika kugawanywa. Chukua ufuatiliaji wa madhara ya dawa. Baada ya janga la thalidomide, dawa iliyoondolewa sokoni mwaka 1961 kwa kusababisha ulemavu kwa watoto waliokuwa tumboni, Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 1968 mpango wa kimataifa wa kukusanya taarifa za madhara ya dawa. Kila mfamasia anapaswa kujua kwa nini mpango huo upo, kulitambua dhara linaloshukiwa na kujaza fomu ya taarifa kwa usahihi, na hayo hayawezi kuachwa kwenye hiari ya mtu. Lakini kuchambua maelfu ya taarifa ili kubaini dalili ya hatari mpya, kupima uhusiano wa dawa na dhara kwa vigezo, na kuandika ripoti ya usalama ya kampuni ni kazi ya wachache, na inatosha kujaza kozi nzima.

Famasia ya vinasaba inagawanyika vivyo hivyo. Mwanafunzi yeyote anayehitimu lazima ajue kwamba mgonjwa mwenye aleli (toleo la jeni) ya HLA-B*57:01 hapaswi kupewa abacavir, dawa ya VVU, kwa sababu ya hatari ya mzio mkali. Anayechagua kozi ya hiari ndiye atakayejifunza kuisoma ripoti kamili ya maabara, kueleza kwa nini kimeng'enya cha CYP2C19 kisichofanya kazi huifanya clopidogrel, dawa ya kuzuia damu kuganda, isimsaidie mgonjwa ipasavyo, kwa nini mtu ambaye kimeng'enya chake cha CYP2D6 hufanya kazi kupita kiasi anaweza kupata sumu ya mofini kutokana na dozi ya kawaida ya kodeini, ambayo mwili huigeuza kuwa mofini, na kisha kupendekeza dawa mbadala. Hata famasia ya mifugo, ambayo kwa wengi ni ya hiari moja kwa moja, ina kipande cha lazima: anayesimama kwenye kaunta ya duka la dawa asipojua kwamba parasetamoli humuua paka, siku moja atamuuzia mteja sumu.

Mpaka huo haukai mahali pamoja milele. Nchini Uingereza, wafamasia walipata mamlaka ya kuandika dawa kwa kujitegemea mwaka 2006, na kwa miaka mingi ujuzi huo ulipatikana kupitia kozi ya ziada baada ya mtu kusajiliwa. Viwango vipya vya elimu vilivyotolewa mwaka 2021 viliuingiza ndani ya mafunzo ya msingi, ili wanaosajiliwa kuanzia mwaka 2026 wawe tayari na sifa hiyo. Kamati inayopanua kozi za hiari itegemee kwamba baadhi yake, miaka kadhaa baadaye, zitahamia upande wa lazima. Hilo likitokea, kozi haikushindwa, ilitangulia.

Muda utoke wapi

Kozi ya hiari inayoongezwa juu ya mzigo uliokwisha kujaa haiongezi uhuru wa mwanafunzi, inaongeza uchovu wake. Lazima kitu kitoke. Njia ya uhakika ya kukipata ni kuchora ramani ya mtaala: chukua kila kozi ya lazima, orodhesha mada zake wiki kwa wiki, kisha weka orodha zote kwenye jedwali moja. Marudio yataonekana yenyewe. Nusu-uhai wa dawa, yaani muda ambao kiasi chake hupungua hadi nusu, hufundishwa katika famakolojia, ukafundishwa tena katika biofamasetiki, ukarudi kama mada mpya katika famasia ya kliniki. Marudio mengine yana faida, kwa kuwa mwanafunzi hukutana na dhana ileile katika kina tofauti, na hayo yaachwe. Yanayofaa kuondolewa ni yale ambapo wahadhiri watatu hufundisha utangulizi uleule kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake anafundisha nini.

Jedwali hilo huleta mabishano, na wakuu wa idara wajiandae. Kila idara huona saa zake ni za msingi na za wenzake ni za ziada. Inasaidia kuafikiana mapema, kabla ya jedwali kuonekana, kwamba kila idara itachangia sehemu ileile ya saa zake, kwa mfano asilimia tano, na idara yenyewe ndiyo itakayoamua cha kupunguza.

Saa zikipatikana, ziwekwe pamoja. Kozi nyingi za hiari hufa kwa sababu ya ratiba, si kwa kukosa wanafunzi: aliyetaka kozi ya famasia ya viwandani ana maabara saa hiyohiyo. Tenga alasiri moja au mbili kwa wiki ambazo hakuna kozi ya lazima wala maabara itakayowekwa, na alasiri hizo ziwe sawa kwa wanafunzi wa miaka miwili inayofuatana. Hapo kozi moja inaweza kupokea wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne pamoja, na kozi ambayo ingekosa watu katika darasa moja hupata wa kutosha. Kwa uzoefu wa upangaji, hatua hii moja ina faida kubwa kuliko nyingine zote zilizomo katika mwongozo huu, na haigharimu chochote isipokuwa ubishi na mpanga ratiba.

Ukubwa wa kozi nao uangaliwe. Hakuna sababu ya kozi ya hiari kuwa na krediti sawa na famakolojia. Kozi ndogo ya nusu muhula, yenye mada moja nyembamba, huandaliwa kwa urahisi zaidi, humruhusu mwanafunzi kuonja maeneo mawili badala ya moja, na haimuumizi mtu sana ikishindwa.

Mafunzo kwa vitendo pia yana nafasi ambayo mara nyingi husahaulika. Viwango vya ACPE, chombo cha ithibati cha elimu ya famasia nchini Marekani, vilivyoanza kutumika mwaka 2016 vilitaka angalau saa 1,440 za mafunzo ya juu kwa vitendo, na vilitaka muda utengwe kwa kozi za hiari darasani na pia katika vituo vya mafunzo. Kitivo kinachotuma wanafunzi wote kwenye aina zilezile za vituo kinaweza kuacha mzunguko mmoja wazi, ili mmoja aende kiwandani, mwingine mamlaka ya dawa na mwingine wodi ya watoto, bila kuongeza hata saa moja ya darasani.

Kuchagua mada zinazofundishika

Ukiwauliza wanafunzi kwa dodoso ni kozi zipi wangependa, wataweka alama kwenye zote. Swali lenye maana humlazimisha mtu kutoa kitu: ukiwa na nafasi mbili tu, utachagua zipi kati ya hizi nane, na uko tayari kuja alasiri ya Ijumaa kwa ajili yake? Waulizwe pia wahitimu wa miaka mitatu hadi mitano iliyopita ni jambo gani walilazimika kujifunza wenyewe walipoanza kazi. Hao ndio mashahidi wazuri kuliko waajiri, kwani waajiri hutaja sifa za jumla ambazo hazigeuki kuwa kozi.

Wahadhiri nao wana vipenzi vyao. Mhadhiri anayefundisha utafiti wake mwenyewe hufundisha kwa moyo, na hilo ni jema, lakini kozi ambayo ni muhtasari wa tasnifu yake ya uzamivu itamchosha msikilizaji ifikapo wiki ya tatu. Aombwe kueleza kwa sentensi moja mwanafunzi atakuwa ameweza kufanya nini mwishoni. Akieleza tu kile atakachokizungumzia yeye, arudi akafikiri tena.

Kisha mada ipimwe kwa rasilimali. Mifano miwili itaonyesha tofauti. Famasia ya dawa za mionzi ni eneo la kuvutia, na karibu kila orodha ya ndoto za kitivo huwa nayo. Lakini technetium-99m, isotopu inayotumika zaidi katika uchunguzi wa magonjwa kwa dawa hizo, ina nusu-uhai wa saa 6 hivi, maana yake dozi iliyoandaliwa saa moja asubuhi hubaki na robo tu ya mionzi yake ifikapo saa moja jioni. Hesabu hizo, pamoja na kinga dhidi ya mionzi na ukaguzi wa usafi wa dawa iliyoandaliwa, hujifunzwa mahali kazi inapofanyika. Kama hakuna hospitali mbia yenye kitengo chenye leseni na iliyo tayari kuwapokea wanafunzi, kozi hiyo isiorodheshwe kabisa; ikifundishwa kwa picha za ukutani itakuwa fizikia ya nadharia yenye jina la famasia.

Udhibiti wa dawa, kwa upande mwingine, huonekana mkavu, kumbe ni miongoni mwa kozi zinazofundishika kwa gharama ndogo mno. Maombi ya usajili wa dawa katika nchi nyingi hufuata mpangilio wa pamoja wenye moduli tano: taarifa za kiutawala za eneo husika, mihtasari, ubora, tafiti zisizohusisha binadamu na tafiti za kliniki. Shirika la Afya Duniani na Wakala wa Dawa wa Ulaya huchapisha hadharani ripoti za tathmini za dawa walizozikubali. Mhadhiri anaweza kuchukua ripoti moja, akaficha uamuzi wa mwisho, akawapa wanafunzi sehemu ya ubora na ya kliniki, na kuwataka waamue kama wangeisajili dawa hiyo, kwa masharti gani, na wangemuuliza mwombaji maswali yapi. Baada ya wiki tatu wanaoneshwa uamuzi halisi. Kozi kama hiyo haidai maabara wala kemikali, ila inadai mtu mmoja aliyewahi kufanya tathmini kama hizo au kuandaa maombi yake, na humfunza mwanafunzi kusoma ushahidi kwa jicho la anayepaswa kutia saini.

Katikati ya mifano hiyo ziko kozi kama uandaaji wa dawa za maji za watoto kutokana na vidonge vya watu wazima, ambazo hutumia maabara iliyopo ya famasetiki wakati ambapo haina wanafunzi. Hizo zipewe kipaumbele, kwani kifaa kilichokwisha kununuliwa hakihitaji kuombewa bajeti.

Wa kufundisha

Hapa mipango mingi huvunjika. Kozi ya hiari ikitegemea mtu mmoja, siku akihama, akienda masomoni au akiugua, kozi nayo imekwisha. Kila kozi iwe na mratibu na mwenzake anayeweza kuiendesha bila kujiandaa upya. Saa za kozi ya hiari zihesabiwe katika mzigo rasmi wa mhadhiri sawa na za kozi ya lazima. Zikichukuliwa kuwa ni kujitolea, wenye moyo watafundisha mwaka wa kwanza, watalalamika wa pili, na wa tatu hawatajitokeza.

Idadi ya kozi zinazotolewa kila mwaka si lazima ilingane na idadi iliyomo katika orodha. Kitivo chenye kozi kumi kinaweza kutoa tano mwaka huu na tano mwaka ujao, mradi kalenda ya miaka miwili itangazwe mapema ili anayetaka kozi fulani ajue itakuja lini. Kwa mpango huo mhadhiri mmoja anaweza kumiliki kozi mbili na kufundisha moja tu kwa mwaka.

Wafamasia walioko kazini huleta kile ambacho mhadhiri hana, lakini wageni kumi kwa wiki kumi huzaa mihadhara kumi isiyosomana. Mratibu abaki darasani kila kipindi, aunganishe kilichosemwa leo na cha wiki iliyopita, na atunge yeye mwenyewe maswali ya tathmini. Vitivo jirani navyo visisahaulike: sheria, biashara, uuguzi na tiba ya mifugo mara nyingi vina kozi ambayo mwanafunzi wa famasia angeweza kuichukua kama ilivyo. Makubaliano ya kuhamisha krediti kati ya vitivo huchosha kuyaandika, ila huandikwa mara moja tu.

Kuandika kozi na kuijaribu

Maelezo ya kozi yasizidi kurasa mbili, nayo yaanze na matokeo ya ujifunzaji yanayopimika. "Mwanafunzi ataelewa usugu wa vimelea dhidi ya dawa" halipimiki. "Mwanafunzi atapitia maagizo ya viuavijasumu ya wodi moja, ataainisha yasiyolingana na mwongozo wa matibabu, na atawasilisha pendekezo kwa timu ya wodi" linapimika, na tayari limeonyesha kazi ya kutathminiwa. Kozi ya hiari haina haja ya mtihani mwingine wa kuchagua jibu. Wanafunzi wa famasia wanayo mitihani hiyo ya kuwatosha. Zao la kazi halisi, yaani ripoti, tathmini, mpango wa biashara au dawa iliyoandaliwa pamoja na kumbukumbu zake, hupima vizuri zaidi.

Kuhusu alama, kuna hoja mbili zinazovutana. Kozi zikipewa alama kamili, wanafunzi hukimbilia ile inayosifika kwa ulaini, na mhadhiri mkali hubaki na viti vitupu. Zikiwa za kufaulu au kutofaulu tu, baadhi yao watafanya kidogo kinachotosha kupita. Kwa kozi ndogo za nusu muhula mwandishi huyu anaona kufaulu au kutofaulu kunafaa zaidi, mradi kiwango cha kufaulu kiwe juu na kazi isiyofikia kiwango irudishwe irekebishwe. Kozi ya muhula mzima ipewe alama kama nyingine.

Kupitisha kozi mpya kwenye kamati, bodi na seneti kunaweza kuchukua muda mrefu kiasi kwamba mada ikapoa. Njia inayotumika sehemu nyingi ni kuidhinisha mara moja kozi-mwavuli, iitwe kwa mfano Mada Maalumu katika Famasia, yenye namba yake na krediti zake, ambayo maudhui yake hubadilika. Kozi mpya hujaribiwa chini ya mwavuli huo mara mbili pasipo kuzidi, kisha iombewe idhini ya kudumu au iachwe. Kikomo hicho kiandikwe, la sivyo mwavuli utageuka makazi ya kudumu ya kozi ambazo hazijawahi kukaguliwa na yeyote. Masharti ya chombo cha ithibati yaangaliwe kabla ya jaribio la kwanza, kwa kuwa vingine hutaka kuarifiwa hata kwa mabadiliko madogo.

Usajili uendeshwe kwa mapendekezo: kila mwanafunzi apange kozi tatu kwa mpangilio wa anavyozitaka, wa mwaka wa mwisho watangulizwe, na pale ambapo waombaji wamezidi viti kura iamue. Anayewahi kufika asipewe upendeleo, maana utaratibu huo huwazawadia wenye intaneti ya kasi. Kozi ya majadiliano isizidi wanafunzi ishirini. Idadi ya chini ipangwe kwa kuzingatia gharama, na itangazwe kabla ya usajili ili kozi isifutwe wiki ya kwanza huku walioichagua wakitawanywa popote penye nafasi.

Kufunga kozi

Orodha isiyopunguzwa hurudi kuwa orodha ya kwenye karatasi. Ni rahisi kukubaliana kuhusu sheria ya kufunga kabla kozi yoyote haijawa na mwenyewe: kozi isiyofikisha idadi ya chini mara mbili mfululizo husimamishwa, na iliyosimama kwa miaka mitatu huondolewa katika mwongozo wa mwanafunzi. Idadi pekee haitoshi, hata hivyo. Kozi ya wanafunzi wanane ambayo huwapeleka wawili katika fani yenye uhaba wa wafamasia inaweza kuwa na thamani kuliko ile ya arobaini inayopendwa kwa sababu haina kazi za nyumbani, na kamati iwe na uwezo wa kuilinda kwa maandishi yenye sababu.

Kozi inapofungwa, maelezo yake, vifaa vya kufundishia na mifano ya kazi za wanafunzi iliyoondolewa majina vikabidhiwe ofisi ya masomo, visibaki kwenye kompyuta ya mratibu. Mhadhiri mpya mwenye ujuzi wa eneo hilo akiajiriwa, ataweza kuifufua kwa muhula mmoja badala ya kuianza upya.

Kwa mwaka wa kwanza, kozi tatu mpya zinatosha: moja isiyohitaji kifaa chochote, moja inayotumia maabara iliyopo, na moja inayofundishwa pamoja na kitivo kingine. Ramani ya mtaala na alasiri iliyotengwa viwe tayari angalau muhula mmoja kabla ya usajili wake kufunguliwa.